Masika ya Mionzi

Machi 3

Kitabu hiki cha kuandikia nimepewa bure na nilikusudia kufungia wembe kwa karatasi zake, lakini mke wangu ameniambia niandike. Anasema kutwa nzima napiga domo na wateja, nikiingia ndani nabaki na miguno tu, basi hayo yanayobaki tumboni niyaweke humu. Nimemwambia kinyozi habaki na neno tumboni. Amecheka, akajishika ubavu, akaacha kucheka.

Vitabu viligawiwa jana kwenye uwanja wa shule, kwenye mkutano wa mradi. Wanataka kujenga mtambo wa umeme wa nyuklia nyuma ya machimbo ya mawe, kule mto unakopinda. Mtaalamu wao, mtu mpole mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikono imesimama, alieleza kwa muda mrefu huku akionyesha picha ukutani. Nilichoambulia ni kwamba kuna vitu vidogo sana vinapasuliwa, maji yanachemka, umeme unakuja. Rafiki yangu Mwalimu, ambaye amestaafu lakini bado anafundisha kila anayemkuta, aliuliza swali refu ambalo ndani yake mlikuwa na sifa tupu. Mama Spika, anayeuza mitumba mbele ya duka langu na ambaye hajawahi kuhitaji kipaza sauti, aliuliza wenye mashamba kule mtoni watapelekwa wapi. Akajibiwa kwamba jambo hilo linashughulikiwa. Hapo ndipo vitabu vikaanza kugawiwa. Chini ya kila ukurasa wameandika: Nishati Safi, Kesho Yetu.

Kesho tunakwenda hospitali kubwa kuchukua majibu ya vipimo vya titi la mke wangu.

Machi 4

Ni saratani.

Machi 6

Mvua tangu alfajiri. Umeme umekatika. Nimenyoa vichwa viwili kwa mkasi, cha tatu kikanikimbia kikiwa nusu, kikasema kitarudi umeme ukirudi.

Machi 9

Duka langu ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, kwa hiyo mke wangu akilala chumbani anasikia kila kinachosemwa kwenye kiti. Leo kasikia mengi. Mwalimu alikuja kuchongwa ndevu, na Mama Spika akaingia kujikinga mvua, wakakutana hapo kama pasi na maji.

"Nchi zilizoendelea zote zinatumia nyuklia," Mwalimu akasema, kidevu kimejaa povu. "Tatizo la watu wetu ni elimu. Mtu akisikia mionzi anadhani jini."

"Mimi sijasema jini," Mama Spika akasema. "Mimi nimeuliza shamba la dada yangu. Hilo nalo ni elimu?"

"Hujui hata mionzi ni nini!"

"Na wewe unajua? Haya, tuambie. Kinyozi, zima mashine tumsikie."

Nilimwambia Mwalimu anyamaze, si kwa ubaya, bali kwa sababu wembe ulikuwa chini ya koo lake. Mimi wembe ukiwa shingoni mwa mtu sina upande. Lakini humu naweza kusema: mtambo nautaka. Mtu anayeishi kwa mashine ya kunyolea, ambayo umeme unaizima anapoanza tu kunyoa, asiutake kwa nini? Na yule mama ana kelele. Tangu aweke mitumba yake mbele ya dirisha langu, siioni barabara.

Walipoondoka nikaingia chumbani. Mke wangu alikuwa anacheka peke yake. "Muache Mwalimu ashinde siku moja," akasema, "anatia huruma."

Machi 12

Leo ameanza matibabu. Daktari anasema uvimbe umeshakuwa mkubwa wa kukatwa, wataanza na mionzi kuupunguza, halafu wataona. Neno "wataona" sikulipenda, lakini mke wangu aliitikia kwa kichwa kama mtu anayepewa bei nzuri.

Mionzi. Neno lile lile la uwanja wa shule. Nililiona limeandikwa juu ya mlango mzito wa chuma, na miguu ikanishika. Mwanamke anayeendesha mashine, mtu mzima mwenye miwani inayoning'inia kifuani, aliniona nimesimama.

"Baba, una swali."

"Akitoka humo," nikasema, "naweza kumshika?"

"Mshike. Mbusu ukitaka. Ile mashine ni kama tochi. Ukiizima, hakuna mwanga unaobaki kwenye nguo za mtu."

Alipotoka nilimshika mkono mpaka stendi. Akaniuliza, "Leo umekuwaje, tumeoana jana?" Nikamwambia nafanya majaribio ya kisayansi.

Machi 13

Umeme umekatika hospitali. Tumekaa kwenye benchi mpaka jioni, tumerudi bure.

Machi 14

Ametibiwa. Mvua.

Machi 19

Binti yetu amejifungua! Mtoto wa kiume, mzito, mwenye sauti. Mkwe wetu, mama wa mumewe, alipiga simu kwa furaha mpaka akasahau kusalimia. Wanaishi ng'ambo ya mji, kwa mama mkwe huyo huyo. Mke wangu alitaka twende sasa hivi, na viatu akavaa, kisha akakumbuka kwamba ana matibabu kila asubuhi na jioni hawezi kusimama. Akavivua viatu polepole.

"Atamleta," akasema. "Akipata nguvu kidogo tu atamleta. Mimi nataka nimshike tu. Nimpakate, anijue harufu, basi."

Ni mjukuu wetu wa kwanza. Nimefunga duka mapema nikalia kidogo, kwa furaha na kwa hayo mengine, siwezi kuyatenganisha.

Machi 23

Picha ya mtoto imekuja kwenye simu. Ana pua yangu, maskini.

Machi 28

Jana usiku mtaalamu wa mradi alihojiwa redioni. Nilikuwa nasikiliza kwa sikio moja. Mtangazaji alimuuliza kama mtambo utakuwa salama, naye akaeleza jinsi wafanyakazi watakavyopimwa kila wakati, na kwamba wajawazito na watoto wachanga hawataruhusiwa kabisa kufika karibu na mionzi, kwa sababu wao ndio wanaodhurika kwa urahisi. Aliyasema ili kututuliza. Nami nikatulia, nikalala.

Leo asubuhi binti yetu alipiga simu. Mke wangu aliiweka sauti juu ili na mimi nisikie.

"Mama, umesikia redio?"

"Nimesikia mwanangu. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Mama, walisema watoto wachanga wasikaribie mionzi."

"Ni ya huko mtamboni hiyo."

"Si ndiyo hiyo hiyo unayopigwa wewe kila siku?"

Mke wangu alinitazama. Nikainama kwenye simu nikaeleza habari ya tochi. Binti alisikiliza yote, akasema, "Sawa baba," kwa sauti ile aliyokuwa akiitumia utotoni nikimwambia sindano haiumi.

Aprili 2

Nimekwenda ng'ambo ya mji mwenyewe. Mkwe wetu alinipokea vizuri, akanipa kiti, akanipa chai, akaniuliza hali ya mgonjwa mara mbili. Mtoto nilimsikia akilia chumba cha ndani. Hakuletwa.

"Mkwe wangu," akasema, "usione vibaya. Umetoka kwake asubuhi hii?"

"Nimetoka kwake. Ni mke wangu, nitoke wapi?"

"Ndiyo. Ndiyo maana."

Nikamweleza maneno ya mama wa mashine. Alinisikiliza akiwa ameshika mikono yake. "Huyo anakula mshahara wa mashine hiyo, atasemaje? Huyu wa redioni ni mtu wa mradi, anatafuta sifa, na bado amekiri mwenyewe kwamba watoto wasisogee. Mtu akikiri jambo la kumuumiza, mimi namwamini."

Nilitafuta kosa katika maneno hayo nikalikosa, na hilo ndilo lililonikasirisha. Binti yangu alitoka kunisindikiza. Alisimama hatua mbili kutoka kwangu, mwanangu niliyemnyoa nywele za kwanza kwa mkono wangu. "Baba, si kwamba simpendi mama," akasema. Nikamwambia hakuna aliyesema hivyo. Nilipofika nyumbani mke wangu aliuliza mtoto anafanana na nani hasa akionwa kwa macho. Nikamdanganya. Nikasema anafanana na yeye.

Aprili 5

Mwalimu hajaja wiki hii. Leo nimemwona sokoni, ndevu zimechongwa vizuri, na si mimi niliyezichonga. Nilimpa mkono, akanipa kiwiko. "Mafua," akasema. "Sitaki kukuambukiza." Huyu ndiye aliyesimama uwanjani akasema watu wetu wanakosa elimu.

Aprili 6

Wateja watatu.

Aprili 8

Ngozi ya kifuani mwake imekuwa nyeusi na imeanza kuchubuka, kama mkono uliougusa mlango wa tanuri. Mama wa mashine anasema ni kawaida, itapona. Lakini jirani aliyekuja kumwona alipoona tu pale shingo ya gauni ilipofunguka akasema "Mungu wangu," akaondoka kabla hajakaa. Jioni nimesikia mtaani wanasema mke wangu anaungua kutoka ndani.

Aprili 9

Umeme umekatika hospitali. Tena.

Aprili 10

Tena. Nilimpigia kelele mlinzi, kana kwamba umeme ameuficha yeye. Mke wangu akaniambia niombe radhi, nikaomba.

Aprili 15

Nina mengi leo.

Kulikuwa na mkutano wa pili wa mradi. Uwanja ulijaa licha ya matope. Nilijipanga tangu asubuhi. Nilisema moyoni: huyu mtaalamu ndiye aliyeyasema redioni, basi yeye ndiye atakayeyaweka sawa, na kwa kuwa watu wa redio wapo tena, mkwe wangu atasikia kwa masikio yake. Nilinyoa ndevu zangu mwenyewe, jambo ambalo huwa nalipuuza. Mke wangu alininyooshea kola. "Uliza pole pole," akasema, "usije ukagomba."

Niliponyanyua mkono walinipa kipaza sauti upesi, kwa sababu Mama Spika alikuwa ameinua mikono yote miwili na walikuwa wanamkwepa.

Nikasema: "Mtaalamu, mimi ni kinyozi. Mke wangu ana saratani, anatibiwa kwa mionzi hospitali kubwa. Ulisema redioni watoto wachanga wasikaribie mionzi. Tuna mjukuu. Naomba utuambie hapa mbele ya watu wote: mtu aliyetibiwa kwa mionzi anaweza kumpakata mtoto, au hawezi?"

Nilimwona amefungua mdomo. Naapa alikuwa anajibu. Kisha mwanamke aliyekaa pembeni yake, mwenye kitambulisho cha mradi shingoni, akamsogelea akamnong'oneza. Mtaalamu akafunga mdomo, akanywa maji.

"Pole sana kwa ugonjwa wa mama," akasema. "Lakini swali hilo linahusu masuala ya afya, halihusiani na mradi. Tungeomba maswali yajikite kwenye mradi."

Nikasema, "Ni ndiyo au hapana tu."

"Tutawasiliana nje ya mkutano, mzee."

Basi. Watu walianza kunguruma. Mtu nyuma yangu akasema kwa sauti, "Ameshindwa! Si mmeona? Ameshindwa!" Mwingine akasema, "Kama anaweza, si angesema anaweza?" Mama Spika alipanda juu ya benchi, akapaza sauti yake ile: "Mtaalamu kashindwa kumjibu kinyozi! Andikeni hivyo! Kashindwa kumjibu kinyozi!" Wakaanza kuimba. Mimi nimesimama katikati na kipaza sauti kisicho na kazi, watu wananipigapiga bega kama shujaa, na wale walionipiga bega nikawaona wanajifuta mikono kwenye suruali.

Mtaalamu alinikuta karibu na gari lao. Alikuwa amelowa, shati lile limelala.

"Mzee, jibu ni ndiyo. Anaweza. Ile mashine haimwachii chochote mwilini. Ampakate hata leo."

"Kwa nini hukusema?"

"Tumeelekezwa tusitaje saratani kwenye mikutano. Neno hilo likitajwa mara moja, kesho ndilo litakaloandikwa kila mahali, na mradi umekwisha."

"Na mimi?"

Nikampa simu yangu, nikamwambia mpigie binti yangu umwambie haya haya. Sitamnyima haki yake: alipiga. Alisimama mvuani akamweleza mkwe wangu, maana ndiye aliyepokea, pole pole, kwa heshima zote. Kisha akanirudishia simu. Mkwe wangu alikuwa bado yupo hewani.

"Mkwe," akaniambia, "mbele za watu amekataa, pembeni amekubali. Sasa mimi nimwamini yupi?"

Nyumbani mke wangu alikuwa ameshasikia yote redioni. Alikuwa ameniwekea maji ya kuoga. "Uliuliza vizuri," akasema. "Hukugomba." Nikaweka kichwa mapajani mwake, nikalia mpaka nikaona aibu.

Aprili 16

Hakuna mteja hata mmoja. Mama Spika amening'iniza bango juu ya mitumba yake: MTAALAMU JIBU SWALI LA KINYOZI. Nilitoka na wembe mkononi, sikukumbuka hata kama ninao.

"Mke wangu si bango lako!"

"Swali ni lako," akasema. "Mimi nimeliandika tu."

"Liondoe."

"Wewe unaona wanachofanya, bado unawatetea?"

Nikamtukana. Sitaandika hapa nilivyomtukana. Aliliondoa bango akalikunja, akalikalia, na mimi nikarudi ndani nikakaa kwenye kiti cha wateja, nikajitazama kwenye kioo mpaka giza likaingia. Umeme haukuwepo.

Aprili 24

Amemaliza mionzi. Mama wa mashine alimkumbatia mlangoni, kumkumbatia hasa, kifua kwa kifua, na mke wangu alimng'ang'ania mpaka nikageuka kando. Sikuwa nimegundua kwamba zaidi yangu mimi hakuna aliyemgusa tangu mwezi uliopita.

Kisha daktari akatuita. Uvimbe wa titi umepungua. Lakini umeonekana kwenye ini, na ulikuwepo kabla hatujaanza. Mke wangu aliuliza swali moja: kama atafika mwisho wa masika. Daktari alipanga karatasi zake. Akasema kama kuna watu anaotaka kuwaona, awaite.

Aprili 25

Amempigia binti mwenyewe, mlango umefungwa. Alipotoka akasema, "Atakuja. Nimpe muda azungumze na mama mkwe wake." Sikuuliza kama alimweleza habari ya ini. Nilisikia kupitia mlangoni kwamba hakumweleza. Hataki mtoto aletwe kwa kulazimishwa.

Mei 1

Mvua. Macho yake yamekuwa ya manjano.

Mei 4

Hali chochote ila maji ya matunda. Nimepeleka kiti cha duka dirishani, kile kinachozunguka na kulala, maana ndicho pekee anachoweza kukaa bila kuumia, na wateja wa kukikalia sina. Kutwa anakaa hapo akitazama barabara katikati ya mashati ya Mama Spika. Anasema sasa anaelewa kwa nini napenda kazi hii, kiti ni kizuri. Nikampaka poda shingoni kama mteja. Nikamuuliza apewe mtindo gani. "Wa kijana," akasema.

Mei 5

Mimi ndiye niliyemwambia binti habari ya ini. Mke wangu hajui. Binti akasema atakuja Jumamosi.

Mei 10

Jumamosi. Alivaa gauni la maua tangu asubuhi na kujipaka mafuta mikononi. Mikono yake imebaki ngozi na mifupa, akawa anaisugua ipate joto. "Mtoto hapendi mikono baridi," akasema.

Teksi ilikuja saa za mchana, mvua ikinyesha. Haikusimama upande wetu. Ilisimama ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la dawa, na binti yetu akashuka na mwavuli, mtoto amefungwa kwenye blanketi. Nikafungua mlango nikamwita. Hakuvuka. Alitingisha kichwa. Alikuwa analia, niliona hata kwa mbali, mdomo wake unasema kitu na mvua inakimeza.

Nilitaka kuvuka nikamnyang'anye. Ndiyo, nilitaka hivyo. Mke wangu akanishika shati kwa nyuma. Hakuwa na nguvu hata za kumshika paka, lakini nilisimama.

"Usimgombeze," akasema. "Nione tu. Siioni barabara."

Mitumba ilikuwa imetanda dirishani. Kabla sijafika nje, Mama Spika alikuwa ameshaanza kuishusha. Aliangusha mashati, suruali, makoti, vyote matopeni, hakuchagua, akauvuta na ule mti wenyewe wa kutundikia, akaulaza chini. Hakunitazama. Akasimama kando, mvua inamnyeshea, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema kitu.

Binti yetu akaweka mwavuli begani, akamfunua mtoto uso, akamnyanyua juu kwa mikono miwili. Mke wangu aliweka viganja vyake kwenye kioo cha dirisha. Mtoto alikuwa anapiga mateke. Alikuwa na nywele nyingi. Sijui walikaa hivyo kwa muda gani. Dereva akapiga honi, mtoto akashushwa, mlango wa gari ukafungwa.

"Amekuja," mke wangu akasema. "Umeona? Amefika mpaka pale. Ameogopa, na bado amekuja."

Nimeandika haya nikiwa bado na hasira, na sijui nimkasirikie nani. Nimewapanga wote mmoja mmoja, mkwe, Mwalimu, mtaalamu, yule mwanamke wa kunong'ona, na kila mmoja namwona ana woga wake anaoulinda.

Mei 11

Anaomba nimsimulie nywele za mtoto. Nimemwambia ni laini, zinalala upande wa kulia, hazitahitaji mashine kwa mwaka mzima. Kama vile nimezishika.

Mei 14

Asubuhi, kabla ya mvua. Nilikuwa nimemshika mkono.

Mei 16

Tulimzika jana. Naandika ya kumwosha, maana nikikaa nayo peke yangu nitaharibikiwa.

Wanawake wa mtaa walikuja tangu mapema, wakakaa chini ya turubai uani. Walipika, walilia, hawakuwa wabaya. Lakini ulipofika wakati wa kumwosha hakuna aliyenyanyuka. Mmoja akasema mkono unamuuma. Mwingine akasema ana mtoto anayenyonya. Wa tatu akaniuliza waziwazi kama kuna dawa ya kunyunyizia kwanza. Binti yetu alikuwapo, bila mtoto, amekaa ukutani. Alinyanyuka, akafika mlangoni mwa chumba, akashika fremu ya mlango, akarudi kukaa. Maziwa yalikuwa yamelowesha nguo yake.

Nikachukua ndoo nikaingia peke yangu. Nilikuwa nimeshafunga mlango nikasikia unasukumwa. Mama Spika, na glavu za plastiki za kuoshea vyombo mpaka kwenye viwiko.

"Usiseme kitu," akasema. "Mtambo naupinga, na nitaupinga kesho asubuhi. Na hii mionzi naiogopa, tena naiogopa sana, usinieleze habari ya tochi wala nini. Lakini mwanamke mwenzangu haoshwi na kinyozi peke yake. Mshike kichwa."

Nilicheka. Mbele ya mke wangu aliyelala pale, nilicheka, na nadhani yeye naye angecheka. Tulimwosha. Yule mama alimwaga maji mengi sakafuni, lakini alimwosha kila mahali, hata kifuani pale peusi, hapo alipita polepole kuliko kwingine. Alipomaliza kumchana nywele akamwambia, si mimi, yeye, "Haya, umependeza." Akatoka nje, nikamsikia anatapika nyuma ya nyumba.

Mei 19

Mradi umeleta salamu za rambirambi na kipeperushi. Mwalimu alikuja, akakaa mlangoni, akasema watu mtaani wanadai ni mionzi iliyomuua na kwamba anasikitishwa na ujinga huo. Nikamwomba aingie anyolewe. Akasema siku nyingine.

Mei 23

Leo mvua haijanyesha.

Mei 30

Jua tangu asubuhi, matope ya barabarani yamepasuka. Nilikuwa nasafisha mashine ambazo hazijachafuka, nikaona kivuli mlangoni. Binti yetu, na mtoto mgongoni. Amevuka barabara.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Karibu."

Hakuingia. Alikuwa anatazama mlango wa chumba cha mama yake, ulio wazi nyuma yangu, kitanda kinaonekana, godoro nimelisimamisha dirishani lipigwe na hewa.

"Baba, nataka nikae kidogo pale kwake. Na huyu. Nataka nikae naye pale." Akakaza mbeleko. "Lakini, baba, chumba hiki... kimeshakaa muda wa kutosha?"

Nilikuwa na maneno yote. Nimeyakariri masika nzima, ya tochi, ya nguo, ya mwanga usiobaki. Ningeweza kumwambia kwamba chumba hakikuwa na kitu Jumamosi ile, wala mwezi uliopita, wala siku yoyote. Nikafungua mdomo nikaliona hilo neno litakavyomwingia. Akiamini leo kwamba hapakuwa na kitu, basi siku ile alisimama ng'ambo ya barabara bure, na mama yake aliweka viganja kwenye kioo bure, na atalibeba hilo mpaka naye awe bibi.

"Kimeshapoa," nikasema. "Kimepoa kabisa mwanangu. Sasa ingia."

Akaingia. Nikalilaza godoro, nikatandika shuka. Akamlaza mtoto upande wa ukutani, akajilaza kando yake, akajifunika uso kwa mtandio, akalia. Mtoto akaanza kulia naye, basi nikamchukua nikampakata. Ni mzito. Nywele kweli ni laini, lakini zinalala upande wa kushoto.